Uzi wa mimea ya ndani kwa wenye paka, mbwa, sungura na ndege: ipi iondoke, ipi ibaki, na ikae wapi

Kijani Kibichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kuna swali nimelijibu mara nyingi kwa watu tofauti: "Nina paka, je, mmea huu una sumu?" Leo nimeona niandike yote mahali pamoja, maana jibu la ndiyo au hapana limewafanya watu watupe mimea isiyo na kosa, huku wengine wakibaki na ile inayoua, wamejipa moyo kwamba wameiweka juu ya kabati.

Neno "sumu" kwenye mimea ya ndani limebeba mambo matatu yasiyofanana. Kuna mmea ambao mnyama akiutafuna anatapika, analala, kesho yake anaamka mzima anadai chakula. Kuna mmea unaomchoma mdomo papo hapo hadi anauacha mwenyewe. Halafu kuna mmea ambao akila kidogo tu, siku ya kwanza huoni jambo la kukutisha, na siku ya tatu unampoteza. Orodha nyingi za mtandaoni, hata ile ya ASPCA, shirika la kulinda wanyama la Marekani, ambayo mimi mwenyewe naitumia, hugawa mimea mafungu mawili tu: yenye sumu na isiyo na sumu. Ukiisoma haraka, alovera na yungiyungi vinakaa fungu moja. Alovera itamharisha paka wako. Yungiyungi litamuua.

Hili la yungiyungi silisemi kwa kusoma tu. Niliwahi kuletewa shada la maua, nikalitia kwenye chombo cha maji mezani. Asubuhi nikamkuta paka wangu Mawingu, wa kijivu, amekaa pembeni ya chombo, na ubavuni ana alama ya rangi ya chungwa, kama amepakwa kwa kidole chenye manjano ya kupikia. Nikadhani uchafu. Nilipomsogelea ameshaanza kujilamba palepale penye alama. Nikampangusa kwa kitambaa, nikaendelea na kazi zangu. Mchana akatapika mara mbili, akagoma kula, akaingia nyuma ya kochi. Nikampigia daktari wa mifugo, nikataja maua, hakuningoja nimalize: "Mlete sasa hivi, na uje na hilo ua." Ile rangi ilikuwa chavua. Mawingu alikaa na dripu siku tatu, damu inapimwa kila mara kuangalia figo. Alipona kwa kuwa tuliwahi. Aliyeuza lile shada hakusema neno kuhusu paka, wala mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Kwa hiyo la kwanza: yungiyungi la kweli (Lilium) na Hemerocallis linalofanana nalo visiingie nyumba yenye paka. Si kwenye chungu, si kwenye shada. Jani, petali, shina, chavua, hata maji ya kwenye chombo, vyote vinaharibu figo za paka. Wanasayansi hadi leo hawajaitambua kemikali yenyewe inayofanya kazi hiyo, ila kinachotokea kinajulikana vizuri: ndani ya siku moja hadi tatu figo zinasimama. Akianza kupewa dripu ndani ya saa 18 hivi tangu ale, nafasi ya kupona ni nzuri. Mkojo ukishakatika, mara nyingi hakuna kurudi. Mbwa akila huumwa tumbo tu, figo zake hazidhuriki namna hiyo. Ndiyo maana mwenye mbwa anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba maua haya hayana shida, na kwake ni kweli.

La pili ni Cycas revoluta, ule unaouzwa kama mtende mdogo wa mapambo. Si mtende. Una saikasini, inayokwenda kwenye ini. Mbegu ndizo mbaya zaidi, lakini mmea mzima una sumu, na mbwa hupenda kulitafuna lile shina.

La tatu ni kundi la mimea inayochezea moyo: oleanda (Nerium), adeniamu yenye shina nene lililovimba, na Kalanchoe wa maua madogo madogo yaliyosongamana. Kalanchoe mara nyingi huishia tumboni tu, lakini ina kemikali za jamii ileile zinazovuruga mapigo ya moyo, na maua ndiyo yenye sumu nyingi kuliko majani. Mimi siweki.

Kwa hayo matatu sina ushauri wa rafu wala kamba ya kuning'iniza. Jani hudondoka, chavua hupeperuka, na paka mzima kuruka mita moja na nusu kutoka chini ni jambo la kila siku. Mingine yote tunaweza kukaa chini tukazungumza iwekwe wapi.

Ombi moja: tukitaja mimea humu, tutaje na jina la Kilatini. Majina ya sokoni yanapotosha. Lili ya amani (Spathiphyllum) si yungiyungi hata kidogo, haigusi figo, lakini nimeona mtu analia kwa hofu usiku kwa sababu ya hilo jina. Na kinyume chake, ule mmea wa majani laini kama manyoya wanaouita jimbi (Asparagus setaceus) si jimbi, na matunda yake yanamwumiza tumbo mnyama, wakati jimbi halisi Nephrolepis halina neno.

Karibuni.

Mama wa Paka Wanne

Dada Kijani, asante, umenitoa jasho. Mimi nina Monstera mkubwa sebuleni na pothosi imetambaa ukuta mzima. Nina paka wanne, mwaka wa sita sasa, hawajawahi kuigusa. Nimeona kwenye orodha kwamba yote ina sumu. Niitupe?

Kijani Kibichi

Usitupe, dada yangu. Hiyo ipo kwenye lile fungu la kuchoma mdomo, na fungu hilo lina nusu ya mimea tunayoipenda: Monstera, pothosi (Epipremnum aureum), Philodendron, Dieffenbachia, Syngonium, Aglaonema, Anthurium, Alocasia, ZZ (Zamioculcas), na hiyo lili ya amani. Zote ni familia moja, Araceae.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya jani kuna vijumba vilivyojaa fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba kama sindano, zimefungwa matita matita. Jino likipasua kijumba, zile sindano huchomoka na kuchoma ulimi, fizi, koo. Maumivu ni ya sekunde ileile. Mnyama anatokwa udenda, anajipangusa mdomo kwa mkono, anatikisa kichwa, pengine anatapika. Kwa sababu inauma mara moja, wengi hawafiki tonge la pili, na ni nadra kufika pabaya. Hatari ni koo likivimba hadi apate shida ya kupumua. Hapo ni kukimbilia kwa daktari. Dieffenbachia nauogopa kuliko wenzake kwa hilo, na kwenye nyumba yenye mbwa mdogo anayetafuna kila kitu nisingeuweka.

Kwa hiyo paka wako watu wazima, walioizoea mimea hiyo miaka sita, wana nafasi ndogo sana ya kuanza leo. Ila zingatia mambo mawili. Kwanza, mmea mpya ndio unaoonjwa. Paka anayempita Monstera kila siku bila kumtazama atamvamia mgeni siku ya kwanza, kwa sababu ana harufu ngeni na majani yanacheza. Pili, ukileta paka mtoto, mahesabu yote yanaanza upya. Mtoto wa paka anaujua ulimwengu kwa mdomo.

Ile pothosi iliyotambaa, ncha zake usiziache zikining'inia usawa wa paka. Jani linaloning'inia na kuyumba kwake ni mchezo, wala si chakula. Anampiga mkono, kucha inanasa, anavuta, anauma. Zifunge ziende juu, au uzikate chini kidogo ya pingili, kila kipande kibaki na pingili yake, na kuziotesha majini kwenye chumba kisicho na paka.

Bosi Ana Mkia

Mkuu, mimi shida yangu si kula. Nina mbwa mkubwa, mkia wake ni fagio. Vyungu vitatu vimeshapasuka. Vilivyobaki anachimba udongo anamwaga sakafuni. Nimeanza kuamini siwezi kuwa na vyote viwili.

Kijani Kibichi

Unaweza, kaka. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapanga mimea kwa jicho la mtu aliyesimama mlangoni. Piga magoti, uitazame sebule kutoka urefu wa mbwa wako. Mchore njia zake: anakoingia, anakogeukia akisikia mlango, anakolala, anakokuchungulia dirishani. Mbwa ana njia za kudumu ndani ya nyumba kama ng'ombe wana njia za kwenda mtoni. Chungu chochote kilicho kwenye kona ya njia hizo kitaanguka, na kitaanguka wakati wa furaha, mgeni anapoingia. Usijaribu kumfundisha mkia adabu. Hamisha chungu.

Halafu pima urefu wa mkia unapotikisika. Kuanzia goti lako hadi kiunoni hivi, hapo pasiwe na chungu chepesi. Chini ya hapo weka vyungu vizito, vipana chini kuliko juu; chungu cha udongo wa kufinyanga chenye kokoto kubwa chini, nje ya chungu cha plastiki, husimama imara kuliko kile kirefu chembamba cha kupendeza. Juu ya hapo weka vidogo. Mmea mrefu wenye kichwa kizito, mfano Pachira au mtende wa Kentia (Howea forsteriana), uingie kwenye kona ya kuta mbili, si katikati ya ukuta.

Kuhusu kuchimba, naomba nikuulize: uliweka mbolea gani? Mara nyingi mbwa akichimba chungu kimoja na kuacha vingine, kuna unga wa mifupa au unga wa damu humo, na pua yake imemwambia kuna nyama imezikwa. Akila unga huo kwa wingi anaweza kuziba tumbo. Na kama umetandaza maganda ya kakao juu ya udongo, yaondoe leo. Yana teobromini ileile inayofanya chokoleti kuwa sumu kwa mbwa.

Bosi Ana Mkia

Umejuaje. Ni unga wa mifupa, na ni vyungu viwili tu anavyovichimba, vile nilivyovitia.

Kijani Kibichi

Badilisha udongo wa juu, kina cha vidole vinne, na mbolea iwe ya maji, uipime nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kisahani cha chini kimwagwe baada ya robo saa. Mbwa na paka hunywa maji ya kisahani hata kama bakuli lao limejaa, na hayo maji ni mbolea iliyochanganyika na uchafu wa udongo.

Mpya Humu

Habari zenu wakubwa zangu. Paka wangu amegeuza chungu cha mtende kuwa choo. Nimeshauriwa niweke naftalini juu ya udongo, au nimwagie mafuta ya limau, au unga wa kahawa uliotumika. Ipi inafaa zaidi?

Kijani Kibichi

Hakuna inayofaa, mdogo wangu, na kama umeshaweka naftalini tafadhali iondoe kabla hujaendelea kusoma.

Naftalini ni sumu kwa paka, hata mvuke wake ndani ya chumba si mzuri. Mafuta ya limau, ya mchaichai, ya mti wa chai na mengine ya aina hiyo yana tatizo la paka peke yake: ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachovunja kemikali za namna hiyo, kwa hiyo kinachotoka mwilini mwako kwa saa chache kwake hukaa na kujilimbikiza. Anayakanyaga, anajilamba makucha, yameshaingia. Unga wa kahawa bado una kafeini, na mbwa akiula anaweza kutetemeka na moyo kwenda mbio.

Paka anapenda udongo wa chungu kwa sababu ni mkavu juu, ni laini, unachimbika. Mnyang'anye hayo matatu. Funika udongo wote kwa mawe laini ya mtoni, makubwa kuliko mdomo wake (na wa mbwa, kama unaye, maana mbwa humeza mawe). Au kata wavu mgumu wa waya kwa umbo la chungu, utoboe nafasi ya shina, uulaze juu ya udongo kisha kokoto kidogo. Maji yanapita, kucha hazipiti. Baada ya hapo angalia choo chake. Mara nyingi paka aliyehamia kwenye chungu amekimbia choo kichafu, au kilicho mahali pa kelele. Na akianza ghafla, anaenda mara nyingi, anachuchumaa bila kutoa kitu, hasa dume, hapo hatuzungumzii mmea tena. Hiyo inaweza kuwa njia ya mkojo imeziba, na ni ya daktari siku hiyohiyo.

Baba Kasuku

Naomba niongezee upande wa ndege, maana huwa tunasahauliwa. Kasuku hali jani, analichana. Anaanza pembeni, anashuka na mshipa wa katikati mpaka kikonyo, vipande vyote viko chini. Kwa hiyo hata mmea usio na sumu kwake ni mmea wa wiki mbili.

Kitu ninachotaka watu wajue ni parachichi. Wengi tunaotesha kokwa kwenye glasi ya maji, linatoa mche mzuri, tunauweka dirishani. Majani ya parachichi yana pesini, inayoharibu moyo wa ndege. Tunda lenyewe pia halimfai. Nilikuwa na mche wangu karibu kabisa na kizimba kabla daktari hajaniambia. Aliutazama ule mche, akautazama ndege, akauliza nani alikuja nyumbani kwanza.

Kijani Kibichi

Asante sana kaka, hili sikuwa nimeliweka na lilistahili kuwa juu. Sungura pia parachichi haliwafai, majani wala tunda.

Sungura Wawili

Umetaja sungura, naomba uendelee. Wangu wanazurura ndani siku nzima.

Kijani Kibichi

Sungura nawaogopea zaidi ya paka, dada, kwa sababu sungura hawezi kutapika. Paka akila kitu kibaya mwili unakirudisha, nawe unaona dalili sakafuni. Sungura kikishuka kimeshuka. Dalili yake ni ukimya: ameacha kula, amekaa kona, vinyesi vimepungua au vimekuwa vidogo. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura.

Kwa hiyo kwao mimi sipangi kwa kiwango cha sumu. Napanga kwa urefu tu. Chini ya mita moja pasiwe na mmea wowote wa mapambo, na kila jani linalodondoka liokotwe. Wanachoweza kufikia kiwe chungu chao wenyewe cha nyasi: ngano, shayiri au oti. Mbegu unaloweka usiku, unazimwaga juu ya udongo usio na mbolea wala dawa, siku saba hadi kumi zimefika urefu wa kiganja. Panda vyungu viwili kwa kupishana wiki, kimoja kinaliwa kingine kinaota.

Hizo nyasi ni za paka pia. Nimemtazama Mawingu akila: anageuza kichwa pembeni, analiweka jani kwenye meno ya nyuma, analikata kama mkasi, halafu linamning'inia midomoni akitafuna macho yamefumba nusu. Ni hamu ya kweli, paka wengi wanayo, na ukimnyima nyasi ataipeleka kwenye mmea wako. Tangu nimweke chungu chake dirishani, Chlorophytum wangu ameanza kuwa na ncha nzima. (Huo Chlorophytum comosum, wenye majani membamba ya mistari na watoto wanaoning'inia, hauna sumu, ila paka wanaupenda kupita kiasi. Akila mwingi atatapika, basi.)

Mama wa Paka Wanne

Na isiyo na sumu kabisa ni ipi? Tutajie na namna ya kuitunza, maana nimejaribu Calathea ikanifia.

Kijani Kibichi

Calathea huwafia wengi, na sababu kubwa ni maji na hewa kavu. Ncha zikianza kuwa kahawia na kukatika kama karatasi, jaribu maji ya mvua, au yaliyochujwa, mwezi mzima uone. Klorini na chumvi za maji ya bomba Calathea haizivumilii. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Asikae kwenye jua la moja kwa moja, rangi za jani zinapauka. Maranta ni nduguye, mvumilivu kidogo, nao usiku hukunja majani juu kama mikono ya mtu anayeomba. Paka wangu mmoja alikuwa akikaa kuitazama ikifanya hivyo.

Hapa lipo kosa ninaloliona kila siku. Mtu akisikia sumu anapandisha mimea yote kwenye rafu ya juu, mbali na dirisha. Macho yetu hujirekebisha, tunaona chumba kina mwanga. Jani halina uwezo huo. Ukiutoa mmea dirishani na kuusogeza mita mbili au tatu ndani, unaweza kuwa umeupunguzia mwanga hadi sehemu ndogo tu ya uliokuwa ukiupata. Halafu unamwagilia kama zamani, udongo haukauki, mizizi inaoza, vijinzi vinaruka, nawe unasema huna mkono wa mimea. Mkono unao. Umeuficha mmea paka asiuone, na mwanga nao haujauona.

Ndiyo maana napenda kugeuza mpango. Dirishani na chini, penye mwanga na penye wanyama, weka isiyo na sumu. Rafu za juu zilizo karibu na dirisha ziachie zile za kuchoma mdomo unazozipenda. Kwa kona hafifu kabisa nenda na Aspidistra, ambao unavumilia kusahauliwa kuliko mmea wowote ninaoujua, au mtende mdogo Chamaedorea elegans. Dirisha lenye mwanga mwingi: Haworthia na Echeveria, usimwagilie hadi udongo ukauke mpaka chini. Haworthia inafanana na alovera na inakupa sura ileile bila kumharisha mtu. Jua la asubuhi: Hoya, ining'inizwe, na usikate vile vijiti vya maua vilivyonyauka, kwa kuwa hapohapo ndipo huchanua tena. Peperomia karibu zote. Okidi ya Phalaenopsis. Na Saintpaulia, yule mwenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, mwenyeji wa milima ya Usambara, aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka 1893 na sasa yupo madirishani dunia nzima. Mwagilia kutokea chini, maji yakikaa juu ya majani yanaacha madoa.

Jimbi la Nephrolepis ni salama lakini linamwaga vijani likikauka, na paka huviwinda sakafuni. Liweke bafuni kama kuna dirisha.

Na dirisha moja, au nusu ya dirisha, mwachie paka. Nasema hili kwa uzito. Ukijaza vyungu kibaraza chote cha dirisha, umechukua mahali pake pa kuotea jua, naye atapadai kwa kuvisukuma kimoja kimoja.

Bosi Ana Mkia

Na wadudu? Mimi hupuliza dawa ya dukani.

Kijani Kibichi

Soma kibandiko, kaka. Permetrini ni hatari kubwa kwa paka hata kwa kiasi ambacho mbwa anakivumilia. Dawa za kuchanganya na udongo zinazopanda hadi kwenye jani zinalifanya jani lenyewe kuwa na dawa, kwa hiyo mmea usio na sumu unakuwa na sumu uliyoiweka wewe. Na chambo za konokono zenye metaldehaidi zisiingie ndani kabisa.

Vidung'ata nawatoa kwa pamba yenye spiriti, mmoja mmoja, kisha nasuuza jani. Utitiri na vidukari: maji ya nguvu bafuni, halafu maji yenye sabuni laini kidogo, suuza, mmea ukae chumba kilichofungwa hadi ukauke. Inachukua wiki tatu za kurudia.

Na mmea wowote mpya ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuungana na wengine. Unakagua wadudu, na mnyama anaizoea harufu yake kupitia mlangoni.

Mpya Humu

Nimeondoa naftalini, nimeweka mawe. Swali la mwisho: nikimkuta ameshakula kitu nifanye nini? Nimesikia nimpe chumvi atapike.

Kijani Kibichi

Usimpe chumvi. Chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Wala maziwa mengi, wala mafuta, wala kumtia kidole kooni. Kama ni mmea wa kuchoma, kinachorudi kinachoma mara ya pili. Kutapishwa ni uamuzi wa daktari.

Mtoe mabaki mdomoni, umsafishe kwa kitambaa chenye maji, umwekee maji ya kunywa. Kama ni chavua mwilini, mzuie kujilamba, muoshe. Piga picha ya mmea, kata tawi uliweke kwenye mfuko, na kama ametapika, piga picha ya matapishi. Andika saa. Daktari atakuuliza mambo matatu: mmea gani, kiasi gani, saa ngapi. Kwa yale matatu ya mwanzo wa uzi, usingoje dalili. Mnyama mzima machoni ndiye anayetibika.

Mpya Humu

Sawa. Ila umenitia wasiwasi. Huo mtende ninaousema niliuziwa tu kama "mtende mdogo". Nitajuaje kama ni mtende kweli?

Kijani Kibichi

Pitisha kiganja polepole kwenye jani kuelekea ncha. Chamaedorea na areka (Dypsis lutescens) ni laini, zinapinda kama utepe. Cycas ni ngumu kama plastiki, kila kijani kina ncha inayochoma, na ukingo umejikunja chini. Halafu tazama shina linapotoka udongoni: mtende una vijiti vingi vyembamba, Cycas ina gimba moja nene lenye magamba kama nanasi. Tuwekee picha ya shina hapa.

Mpya Humu

Nimegusa. Inachoma. Na chini ni nanasi.

Kijani Kibichi

Basi mtoe paka chumbani kwanza, ndipo uhamishe mmea. Vaa glavu. Usiuache uani ambako mbwa wa jirani anapita. Fagia majani yote chini ya kochi na nyuma ya pazia, tafuta na mbegu, zina rangi ya chungwa iliyoiva. Angalia kama kuna jani au gimba lenye alama za meno. Ukiona hata moja, au kama ametapika au amelegea siku hizi mbili tatu, piga simu kwa daktari ukiwa umeshika picha hiyo, uombe apimwe ini. Nipo hapa, nasubiri utuambie.

Mpya Humu

Nimemaliza. Hakuna alama za meno, hakuna mbegu, anakula vizuri. Daktari amesema nimlete kesho asubuhi apimwe hata hivyo. Dirisha sasa liko wazi, na ameshapanda amelala.